Uzi: Intanshipu za kulipwa kwenye utafiti wa tiba ya watoto Marekani, niliyoyaona majira mawili ya joto

#1 Darubini (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikikaribia Novemba napata ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wetu wanaosoma shahada ya kwanza Marekani: "Kaka, nasikia hospitali za watoto zinachukua wanafunzi majira ya joto na zinalipa. Naanzia wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa namwaga yote hapa. Nimefanya mara mbili, hospitali mbili tofauti ambazo sitazitaja. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane ni kitu gani. Hii si ile ya kuvaa koti jeupe na kumfuata daktari wodini kama kivuli. Unapewa posho kwa wiki 8 hadi 10, kati ya Juni na Agosti, unakaa kwenye maabara au ofisi ya watafiti wa magonjwa ya watoto, na unakabidhiwa kipande kimoja cha utafiti ambao ulikuwepo kabla yako na utaendelea ukiondoka. Mwisho unasimama mbele ya bango lako na kuwaeleza watu ulichofanya. Basi.

Majina, kwa sababu najua mtayauliza. Children's Hospital of Philadelphia, hospitali ya kwanza ya watoto Marekani, ya mwaka 1855, ina programu inaitwa CRISSP. Cincinnati Children's wana SURF. St. Jude kule Memphis wana POE, wao wamejikita kwenye saratani. Ukivuka mpaka kuingia Kanada, SickKids ya Toronto ina SSuRe. Orodha ndefu zaidi ya programu za majira ya joto iko kwenye tovuti ya AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani. Kila programu ina masharti yake na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma ukurasa wao wenyewe, usisome nilichoandika mimi.

Na kama unadhani haya ni mambo ya mbali na wewe: ile chanjo ya polio ya matone uliyodondoshewa mdomoni ukiwa mtoto, Albert Sabin aliitengeneza akiwa hapo Cincinnati. Moja ya chanjo za rotavirusi, virusi vinavyoharisha watoto, ile iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, imetokana na kazi ya watafiti wa Philadelphia.

Sasa neno langu moja, mengine yote ni nyongeza: usiombe hospitali, omba msimamizi. Naweka kituo, narudi jioni.

---

#2 Bahari Tulivu

Naweka kambi hapa. Mkuu usitutelekeze kama wale wa "itaendelea".

---

#3 Mpigapasi

Hizi mambo ni za watoto wa madaktari. Baba anampigia simu rafiki yake, mtoto anaingia. Sisi wengine tunajaza fomu kama mapambo tu.

---

#4 Darubini (mleta uzi)

Mpigapasi, una nusu ya ukweli. Zile nafasi zisizo na programu rasmi, ambapo mwanafunzi "anajitolea" kwenye maabara bila malipo, ndizo hasa zinazokwenda kwa watoto wa madaktari. Nani mwingine ana uwezo wa kukaa miezi miwili na nusu mjini bila kipato? Ndiyo maana mimi nasisitiza za kulipwa. Hizo zina fomu, zina tarehe, zina kamati inayosoma, na nyingine zinasema waziwazi kwamba zinatafuta wanafunzi ambao kwao hakuna aliyewahi kufika chuo.

Sasa kisa changu.

Mwaka wa kwanza kuomba nilitafuta jina kubwa. Fomu ilikuwa na sehemu ya kuandika watafiti watatu ungependa kufanya nao kazi. Nikafungua tovuti, nikachagua watatu wenye vyeo virefu kuliko wote, nikabandika. Sikusoma hata ukurasa mmoja wa kazi zao. Nikapata! Nilifurahi nusura niruke dirishani.

Bosi wa maabara nilimwona mara mbili: siku ya kwanza aliponipa mkono, na siku ya mabango aliposoma jina langu kwenye kitambulisho ili ajue aniite nani. Katikati nilikabidhiwa kwa mtafiti kijana, mtu mwema kabisa, ambaye wiki ya tatu alipata kazi kwingine akaondoka. Tangu hapo nikawa mtoto wa jumuiya. Asubuhi nauliza "kuna kazi?", naambiwa subiri. Nimejaza maboksi ya ncha za pipeti (kifaa cha kunyonyea vimiminika maabara), zile za plastiki, moja moja, 96 kwa boksi, mpaka nikawa nafanya nimefumba macho. Bango langu nilisaidiwa kuliandika na mwanafunzi mwenzangu kwa huruma.

Hospitali haikunidhulumu. Posho ililipwa, kila mtu alikuwa na adabu. Ila mimi ndiye niliyechagua mtu kwa urefu wa cheo chake.

Mwaka uliofuata nilibadili mwendo. Mwezi Oktoba nilisoma makala za watafiti wanne, nikamwandikia mmoja, mama mmoja anayefuatilia watoto njiti wanavyokua. Barua pepe ya aya mbili. Akajibu baada ya siku tisa: "Omba kupitia programu yetu, andika jina langu." Huyu tulikutana kila Jumanne saa tatu asubuhi, nusu saa, hata wiki aliyokuwa zamu ya usiku. Anakuja macho mekundu, kikombe mkononi: "Haya, nionyeshe."

---

#5 Kalamu Nyekundu

Kaka Darubini, hiyo barua pepe ya aya mbili ilisemaje? Mimi nimeandika kumi na mbili, hajajibu hata mmoja.

---

#6 Darubini (mleta uzi)

Dada Kalamu, weka hapa mwanzo wa moja tuione.

---

#7 Kalamu Nyekundu

"Mheshimiwa Profesa, tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikiwapenda watoto na ndoto yangu ni kuwa daktari bingwa wa watoto. Nimevutiwa sana na kazi zako nzuri na ningefurahi kupata fursa..."

Msinicheke.

---

#8 Darubini (mleta uzi)

Hakuna wa kukucheka, ya kwangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa pacha wake. Tatizo ni kwamba barua hiyo unaweza kumtumia mtu yeyote duniani bila kubadili neno, na yeye anajua hivyo. "Kazi zako nzuri", ipi?

Yangu ya pili ilikwenda hivi: nimesoma makala yenu kuhusu uzito wa watoto njiti baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye jedwali la pili naona watoto wengi hawakurudi kliniki miezi sita baadaye. Je, mnajua kama waliopotea walikuwa wazito au wepesi kuliko waliorudi? Nimesoma takwimu muhula mmoja, ningependa kusaidia kwenye swali kama hili majira ya joto. Nimeambatisha wasifu wangu.

Kwisha. Baadaye aliniambia swali lenyewe walikuwa wameshalijibu ndani, halikuwa jipya hata kidogo. Kilichomfanya ajibu ni kwamba mtu alifika mpaka jedwali la pili.

Barua za mapendekezo: nyingi hutaka mbili. Usimfuate profesa wa darasa la watu mia tatu kwa sababu ulipata A. Mfuate yule wa maabara ya vitendo aliyekuona ukimwaga kitu halafu ukakisafisha. Na umwombe wiki nne kabla, si siku nne. Maombi mengi hufunguliwa kati ya Novemba na Desemba, yanafungwa Januari au Februari, majibu Machi au Aprili. Anayeamka Machi ameamkia mwaka unaofuata.

---

#9 Jirani Mwema

Tuongee pesa mkuu, ndiyo maana tumo humu 😀

---

#10 Darubini (mleta uzi)

Haya. Mara ya pili nililipwa dola 5,000 kwa wiki kumi. Ukisikia hivyo unaona utajiri. Igawe: dola 500 kwa wiki, saa arobaini, ni dola 12.50 kwa saa. Iko juu ya kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 ambacho hakijasogea tangu 2009, lakini kuna majimbo ambayo muuza duka anakupita.

Swali la kwanza la kuuliza si "mnalipa kiasi gani" bali "malazi ni juu ya nani". Programu yenye posho ndogo na chumba cha bweni bure inaweza kukuachia zaidi kuliko yenye posho nono katikati ya Boston. Swali la pili: inalipwa lini? Mimi malipo ya kwanza yaliingia mwisho wa wiki ya tatu. Hizo wiki tatu niliishi kwa mkopo wa mwenzangu wa chumba.

Na kodi. Posho ni kipato, lakini mara nyingi hawakukati chochote, unapokea yote mkononi. Unatumia. Halafu Aprili 15 mwaka unaofuata ndipo serikali inakukumbuka. Tenga kidogo kila malipo yanapoingia, usije ukauza simu.

Ambaye programu haimlipi, aulize chuoni kwake. Vyuo vingi vina mfuko wa kulipia wanafunzi wanaopata nafasi isiyo na malipo, na pesa hiyo hukosa waombaji kwa sababu tangazo limefichwa mahali hakuna anayesoma.

---

#11 Mpigapasi

Sawa, nakubali kidogo. Lakini sisi wa F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni, je? Nimeona tangazo baada ya tangazo: raia na wenye grini kadi tu.

---

#12 Darubini (mleta uzi)

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema kuliko inavyostahili.

Sharti hilo linafuata pesa. Nafasi zinazolipiwa na serikali kuu mara nyingi ni za raia na wakazi wa kudumu: programu za utafiti za wanafunzi ziitwazo REU, za NSF (mfuko wa taifa wa sayansi), ziko hivyo, na ile ya majira ya joto ya NIH (taasisi za taifa za afya) pia. (Ya NIH nyie wenye grini kadi msiitegemee peke yake, ya mwaka 2025 ilifutwa watu wakiwa wameshaomba.) Lakini hospitali za watoto zina wafadhili wengi mno, familia zilizopoteza mtoto, mifuko ya hisani, na nafasi zinazolipwa na pesa hiyo zinaweza kumpokea wa F-1. Hospitali moja inaweza kuwa na programu mbili, moja imekufungia, nyingine iko wazi. Usifunge ukurasa kwa sababu ya mstari mmoja.

Ukipata, unahitaji CPT, kibali cha mwanafunzi wa F-1 kufanya kazi ya mafunzo. Inatolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako, lazima kazi ihusiane na masomo yako, na kwa kawaida uwe umeshasoma mwaka mzima wa masomo. Tarehe iliyochapwa kwenye I-20 yako, ile hati ya chuo ya viza yako, ndiyo siku ya kuanza. Si siku moja kabla, hata kama bosi anasema "njoo tu uzoee". Usiende.

Aliye nje ya Marekani kabisa, nisimdanganye: njia ni nyembamba. Inabidi hospitali ikubali kukushughulikia J-1, viza ya wageni wa kubadilishana, na kwa wiki kumi wengi hawataki usumbufu.

---

#13 Bahari Tulivu

Mkuu, kazi yenyewe sasa. Huyo mama wa njiti alikupa nini ufanye?

---

#14 Darubini (mleta uzi)

Jedwali. Wengine mtapewa seli za kulisha kila baada ya siku mbili ikiwemo Jumapili, mimi nilipewa jedwali la watoto mia nne na kitu: wiki za mimba, uzito wa kuzaliwa, siku walizokaa kwenye oksijeni. Yanatoka kwenye mafaili ya wagonjwa, yanaingizwa kwenye REDCap, programu iliyotengenezwa Vanderbilt mwaka 2004 ambayo utaikuta karibu kila hospitali ya utafiti.

Siku ya pili nakutana na mtoto mwenye uzito wa kilo 3,200. Hospitali imezalisha kifaru. Nikacheka, nikajua ni gramu, nikarekebisha, nikajiona fundi.

Jumanne mama akapitisha kidole kwenye skrini, akasimama mstari ambao mimi niliupita bila kuutazama. Wiki 24, uzito 1.5. "Huyu?" Nikasema kilo moja na nusu, ni njiti, mbona sawa. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, mtoto wa wiki 24 ana uzito gani? Sikujua. Akafunua kiganja chake kama amebeba kitu: "Gramu mia sita, mia saba. Anaenea hapa." Hiyo 1.5 ilikuwa pauni, ambayo ni gramu 680. Mtu alisahau kubadili kipimo, na kwa sababu kilo 1.5 ni namba ya kawaida kwa njiti, haikupiga kelele kama yule kifaru.

Nilirudia jedwali zima kuanzia mstari wa kwanza. Nikakuta wengine kumi na mmoja.

Pale ndipo nilielewa kwa nini utafiti wa watoto unasimama peke yake. Dawa za mtoto mchanga zinapigiwa hesabu kwa kilo, na mwili wake si wa mtu mzima uliopunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watoto wachanga walikuwa wakipewa kloramfenikoli, dawa ambayo watu wazima walikuwa wakiitumia, wakageuka rangi ya kijivu na kufa, kwa sababu ini lao lilikuwa halijakomaa kuivunja. Huwezi kukisia. Lazima mtu akae chini apime kwa watoto wenyewe.

---

#15 Kalamu Nyekundu

Sasa hapo kwenye "kupima kwa watoto wenyewe" ndipo mimi naogopa. Mtoto hawezi kukubali wala kukataa.

---

#16 Darubini (mleta uzi)

Anaweza kukataa, dada. Nimeona kwa macho yangu.

Wiki ya tano niliruhusiwa kukaa pembeni wakati mratibu wa utafiti anaongea na familia. Mtoto wa miaka tisa, utafiti unahitaji damu kidogo ya ziada, haumnufaishi yeye moja kwa moja. Mama alishasoma, alishasaini. Mratibu akachuchumaa akamweleza mtoto kwa maneno yake, akamwonyesha kichupa chenyewe. Mtoto akakitazama, akasema hapana. Mama akaanza, "Lakini mpenzi wangu..." Mratibu akamwinulia mkono taratibu, akakunja karatasi, akamwambia mtoto asante kwa kunisikiliza. Tukatoka. Sheria za shirikisho zinataka idhini ya mzazi na pia ridhaa ya mtoto mwenye umri wa kuelewa. Kwenye korido nilimuuliza haoni kama tumempoteza mshiriki. Akasema, "Ndiyo. Twende chumba kinachofuata."

Hawakufika hapo kwa wema wa moyo tu. Kule Willowbrook, New York, kuanzia miaka ya 1950 watoto wenye ulemavu wa akili waliambukizwa homa ya ini makusudi ili ugonjwa uchunguzwe. Utafundishwa habari hiyo siku za mwanzo kwenye mafunzo ya maadili ya mtandaoni, pamoja na HIPAA, ile sheria ya 1996 ya siri za wagonjwa. Usibofyebofye ili umalize. Na usipige picha yoyote ndani ya hospitali kwa ajili ya mtandao, hata ya kitambulisho chako. Kuna mwenzetu alirudishwa nyumbani wiki ya nne kwa picha ya skrini iliyokuwa nyuma yake.

Kabla hujaingia pia watakuchunguza rekodi ya jinai na watataka chanjo: surua, homa ya ini B, tetekuwanga, na kipimo cha kifua kikuu. Anza mapema, kuna watu wamechelewa wiki nzima kwa hili tu.

---

#17 Jirani Mwema

Kwa hiyo mkuu ulipata jina kwenye makala?

---

#18 Darubini (mleta uzi)

Sehemu ya shukrani, mwishoni, herufi ndogo. Wiki kumi hazitoshi kuwa mwandishi, anayekuahidi hivyo siku ya kwanza mwogope. Nilichopata ni barua. Mama aliandika habari ya wale kumi na mmoja, na kwenye usaili wangu wa kwanza baada ya hapo waliniuliza hilo tu.

---

#19 Kalamu Nyekundu

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki tatu. Niliacha zile kumi na mbili, nikasoma makala mbili za mtafiti wa pumu ya watoto, nikamuuliza kitu kuhusu namna walivyohesabu siku za kukosa shule.

Amejibu leo asubuhi!! Anasema swali langu lina kosa, amenieleza kosa liko wapi kwa aya nne, na mwisho ameniambia niombe na kuandika jina lake. Halafu ameuliza kama chanjo zangu ziko sawa hasa tetekuwanga, maana maabara yake iko ghorofa moja na watoto wa saratani. Mimi tetekuwanga niliugua nikiwa na miaka sita, sina karatasi yoyote. Nifanyeje?

---

#20 Darubini (mleta uzi)

Usitafute karatasi. Nenda kliniki ya chuo waambie unataka kipimo cha damu cha kinga ya tetekuwanga. Kama uliugua kweli itaonekana, wanakuandikia. Nenda kesho, majibu yanachukua siku kadhaa.

Na hizo aya nne za kosa lako, zisome kabla ya kumjibu.